Kumkumbuka mwenzetu aliyevaa sare

Maandishi ya kipindi cha redio kwa vikundi vya kusikiliza kambini
Mazungumzo yamerekodiwa Kibenga, Bujumbura

(Muziki wa kufungulia kipindi. Unashuka polepole.)

MTANGAZAJI: Iwe uko Nyarugusu kule Tanzania, Nakivale kule Uganda, Mahama kule Rwanda, Kakuma kule Kenya, au katika kambi za huku kwetu Burundi kama Kavumu, Bwagiriza na Musenyi, karibu tena. Kama redio yenu imeishiwa betri, mmoja wenu mwenye sauti nzuri awasomee wenzake maandishi haya. Leo tunauliza hivi: mwenzetu aliyekuwa askari, polisi au mlinzi akifariki, tumkumbukeje? Mzungumzaji wetu anatoka mtaa wa Kibenga. Karibu.

MZUNGUMZAJI: Ahsante sana. Amahoro kwenu nyote, na poleni na majukumu ya siku.

Ndugu msikilizaji, Kibenga iko kusini mwa jiji la Bujumbura, karibu na Ziwa Tanganyika. Ukipita hapa jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo, utawaona wanaume wakiketi mmoja mmoja mbele ya mageti. Amevaa koti zito hata kama joto bado lipo, maana anajua saa tisa ya usiku itakavyokuwa. Ana tochi, ana redio ndogo. Huku kwetu, na kwa majirani zetu wa Kongo, mtu huyu tunamwita zamu. Tumemwita kwa jina la kazi yake, kwa sababu anakesha zamu yake ili wewe ulale. Asubuhi wenye nyumba wakiamka, yeye ndiyo kwanza anakwenda kutafuta usingizi.

Miaka ya karibuni ziwa lilipopanda, maji yaliingia katika mitaa ya kando ya ziwa, na Kibenga ikiwamo. Familia zilifunga virago zikahama. Wewe msikilizaji huhitaji kuelezwa maana ya kuiacha nyumba yako usiku ukiwa na godoro kichwani. Lakini hata nyumba iliyoachwa huhitaji mtu wa kuikeshea.

Sasa, siku zamu anapofariki, wenzake wa mageti ya jirani hukusanyika. Wanakaa kwenye mabenchi ya msibani, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, na mmoja wao huombwa aseme neno juu ya marehemu. Anasimama, anavua kofia, anasema: "Alikuwa mtu mwema. Mungu amlaze pema." Kisha anakaa. Si kwamba hakumpenda. Alimpenda sana. Ila watu wa kazi ya ulinzi huishi kwa maneno machache, na kazi yenyewe, ikifanyika vizuri, haina la kusimulia. Usiku ulipita salama. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyeumia. Utasimulia nini?

Hilo ndilo gumu la kwanza. Gumu la pili ni kubwa zaidi, na ninalitaja mapema kwa sababu najua ninazungumza na nani.

Wengi wenu mnaonisikiliza, mkisikia neno "polisi" au "askari", moyo unadunda. Wapo miongoni mwenu waliokimbia nyumba zao kwa sababu ya watu waliovaa sare. Wapo waliopigwa kwenye vizuizi vya barabarani, vile tunavyoviita barieri. Wapo ambao ndugu yao alichukuliwa na gari la watu wenye bunduki na hadi leo hajarudi. Nikikuambia leo tumkumbuke askari aliyependwa, una haki ya kuniuliza: alipendwa na nani?

Na katika foleni ileile ya mgao, hatua mbili mbele yako, pengine amesimama mama ambaye marehemu mumewe alikuwa polisi. Hajamwambia mtu yeyote. Wakimwuliza mumewe alifanya kazi gani, anasema alikuwa mkulima, au alikuwa fundi. Anaogopa akisema ukweli atachukiwa, au watoto wake watatengwa. Kwa hiyo analia usiku, kimya, chini ya blanketi, na mtoto wake anakua bila kujua baba yake alikuwa nani.

Ninyi wawili mnakaa kambi moja. Mnachota maji kwenye bomba moja. Mazungumzo ya leo ni yenu ninyi wawili.

(Muziki mfupi.)

Nataka kukusimulia habari za mtu mmoja. Si Mrundi, si Mkongomani, wala si Mnyarwanda. Lakini alifia karibu nasi, Kigali, ambako ni safari ya siku moja kwa basi kutoka hapa njia inapokuwa wazi.

Tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyowabeba marais wawili, Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ilitunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua Kigali. Watu wazima wa huku kwetu wanaikumbuka siku hiyo, maana na sisi tulifiwa na rais. Baada ya hapo mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza, na Wahutu waliopinga mauaji hayo nao wakauawa. Kesho yake, tarehe 7 Aprili, aliuawa Waziri Mkuu wa Rwanda, mama Agathe Uwilingiyimana. Waliuawa pia askari 10 wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa waliotumwa kumlinda.

Mama huyo aliacha watoto watano, na watoto hao walikuwa wamejificha. Wauaji wangewafikia wakati wowote. Aliyewafikia kwanza na kuwaokoa alikuwa kapteni kutoka Senegal, jina lake Mbaye Diagne.

Kapteni Mbaye alikuwa mwangalizi wa kijeshi katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoitwa UNAMIR. Sikiliza vizuri neno hilo, mwangalizi. Kazi yake rasmi ilikuwa kutazama na kutoa taarifa. Hakuwa na bunduki. Alikuwa Mwislamu, alikuwa na mke na watoto wawili wadogo nyumbani Senegal, na umri wake ulikuwa miaka 36. Wenzake wanasema alikuwa mrefu, mcheshi, mtu wa kucheka na kila mtu.

Mwezi huohuo wa Aprili, mambo yalipozidi kuwa mabaya, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kukipunguza kikosi kile hadi watu 270 hivi kwa mji mzima na nchi nzima. Kapteni Mbaye alikuwa miongoni mwa waliobaki. Akawa anaingia katika gari lake na kuwafuata watu waliojificha, watatu hapa, wanne pale. Aliwachukua wachache wachache kwa sababu gari halikutosha, na kwa sababu njiani kulikuwa na barieri nyingi. Kila barieri ilikuwa na vijana wenye mapanga, rungu na bunduki, na wengi wao walikuwa wamelewa.

Alipitaje? Wenzake waliokuwa naye wamesimulia: alipita kwa maneno na kwa utani. Alitoa sigara. Mara nyingine alitoa pesa. Alisimama na watu wale, akawasalimia, akawachekesha, mpaka wakaondoa gogo barabarani. Kisha akaenda hadi barieri inayofuata na kuanza upya. Hakuna ajuaye kwa hakika aliokoa watu wangapi, lakini waliokuwapo wanahesabu kwa mamia.

Tarehe 31 Mei 1994, akiwa anarudi peke yake kwenye makao makuu ya kikosi, bomu la mota lilianguka nyuma ya gari lake alipokuwa kwenye barieri. Kipande cha chuma kikampiga kichwani. Alifariki papo hapo. Muda wake wa kazi ulikuwa karibu kwisha, na zilikuwa zimebaki siku chache arudi kwao.

Sasa nifikie jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nimchague yeye kwa mazungumzo haya.

Wenzake walipouchukua mwili wake, hawakuwa na mfuko wa kuhifadhia maiti. Vitu vilikuwa vimekwisha Kigali. Wakatafuta walichonacho, wakapata turubai la plastiki la UNICEF na utepe wa gundi. Turubai hilo unalijua, ndugu yangu. Pengine ndilo lililo juu ya kichwa chako sasa hivi unaponisikiliza. Basi wakamfunga rafiki yao ndani ya turubai. Mmoja wa wenzake, mfanyakazi wa misaada wa Umoja wa Mataifa, alisimulia miaka mingi baadaye jinsi alivyohangaika na mikunjo ya lile turubai. Kapteni alikuwa mtu mkubwa, na miguu yake ilikuwa mirefu. Turubai halikukaa sawa. Na yule mwenzake hakutaka likae ovyo. Alitaka kila mkunjo ulale vizuri, ili yeyote atakayeutazama mwili ule ajue kwamba hapa amelala mtu wa heshima.

Nakuomba ulitafakari hilo. Mji unaungua, mabomu yanaanguka, na watu wazima wamepiga magoti wananyoosha mikunjo ya plastiki. Hawakuwa na jeneza wala maua, na hotuba hawakuwa na nafasi nayo. Walikuwa na mikono yao tu, na huo ndio ukawa mwanzo wa kumkumbuka. Wengi wenu mmewazika wapenzi wenu hivyohivyo, njiani, kwa kanga, kwa mkeka, kwa kipande cha turubai. Mkabaki na uchungu kwamba hamkumfanyia marehemu wenu yanayostahili. Nawaambia: mlinyoosha mikunjo. Hiyo ni heshima kamili.

(Muziki mfupi.)

Je, kwa nini Kapteni Mbaye anakumbukwa? Si kwa sababu ya cheo. Makapteni ni wengi. Wala si kwa sababu ya sare, kwa kuwa siku zilezile, katika mji uleule, kulikuwa na watu wenye sare waliokuwa wakiua. Anakumbukwa kwa jambo moja: pale kwenye barieri, sare yake iliwafanya wanyonge wapite. Barieri ileile ambayo kwa wengine ilikuwa mahali pa kufa, kwa aliokuwa nao garini ilikuwa mahali pa kuvuka.

Wahenga walisema, muungwana ni vitendo. Basi ukitaka kumpima mtu aliyevaa sare, usianze na nyota za begani wala na upande aliopigania. Uliza hivi: mtu asiye na nguvu alipofika mbele yake, alifanyiwa nini?

Mwaka 2010 serikali ya Rwanda ilimtunuku Kapteni Mbaye nishani inayoitwa Umurinzi. Neno hilo wengi wenu mnalielewa bila mkalimani. Umurinzi ndiye mlinzi. Na mwaka 2014 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaanzisha nishani ya ushujaa yenye jina lake, kwa ajili ya wanajeshi, polisi na wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa wanaojitoa kwa ajili ya wengine.

Miaka minne baadaye, nishani hiyo ikapata mtu mwingine wa kuvalishwa, na habari yake ilitokea Kivu ya Kaskazini. Ndugu zangu mliotoka Beni, mtaijua.

Novemba 2018, karibu na Beni, wanajeshi wa Malawi na wa Tanzania walio chini ya MONUSCO walikuwa vitani na waasi wa ADF, watu ambao mmeteseka sana mikononi mwao. Mtanzania mmoja, Koplo Ali Khamis Omary, alijeruhiwa vibaya, akalala pale risasi zinapopita, asiweze kusogea. Mwenzake kutoka Malawi, askari wa kawaida aitwaye Chancy Chitete, alimwona. Wengine walikuwa wanarudi nyuma. Chitete akamwendea, akamburuta hadi mahali penye kinga, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Akiwa katika kazi hiyo, yeye mwenyewe akapigwa risasi. Ali Khamis Omary akapona. Chancy Chitete akafariki.

Mwaka 2019, huko New York, mjane wa Chitete alikabidhiwa nishani ya Kapteni Mbaye Diagne. Mmalawi alikufa kwa ajili ya Mtanzania, katika ardhi ya Kongo, akipigania usalama wa raia wa Kongo, na akapewa nishani yenye jina la Msenegali aliyefia Rwanda. Walio mbali hutuambia kwamba sisi watu wa huku tunajua kuuana tu. Uwakumbuke hawa wawili siku utakapoambiwa hivyo.

Na sisi Warundi tunao wetu. Baada ya Makubaliano ya Arusha, yaliyotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, jeshi na polisi wa nchi hii viliundwa upya kwa kuwachanganya watu walioshika bunduki pande mbalimbali. Watu waliowahi kuwindana msituni walilala katika bweni moja na kula sahani moja. Kisha, kuanzia mwisho wa mwaka 2007, wakaanza kupelekwa Somalia katika kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Tarehe 17 Septemba 2009, magari yenye alama za Umoja wa Mataifa yaliingia katika makao ya kikosi hicho Mogadishu, yakalipuka. Wanajeshi 17 wa Umoja wa Afrika walikufa. Warundi walikuwa 12, na mmoja wao alikuwa naibu kamanda wa kikosi, Meja Jenerali Juvénal Niyoyunguruza. Maiti zilipoletwa nyumbani, kilio kilikuwa kimoja. Mjane halii kwa kabila. Na mwenzako mliyelinda naye doria usiku wa manane, ukaamini kwamba ukisinzia hatakuacha, hukumbuki tena alitoka upande gani wa vita.

(Muziki mfupi.)

Sasa turudi kambini kwako.

Huko pia wapo walinzi. Kambi za Tanzania mnawaita sungusungu. Ni wakimbizi kama wewe, wamechaguliwa kuangalia usalama wa jirani zao, na hawana bunduki. Ni mtu unayemjua. Mkewe yuko katika foleni moja na wewe, na kibanda chake kinavuja kama chako. Usiku anazunguka. Anasikia mama anapigwa, anagonga mlango. Anaona mtoto aliyepotea, anamrudisha kwao. Anamsindikiza mjamzito hadi kituo cha afya wakati njia ina giza. Asubuhi hakuna anayelitaja hilo, kwa sababu usiku umepita salama.

Siku mtu huyo anapofariki, au siku unapopata habari kwamba mwenzako wa zamani aliyebaki nyumbani katika kazi ya ulinzi ameaga dunia, na huwezi kuvuka mpaka ukamzike, fanya nini? Nina mambo manne ya kukuambia.

La kwanza: simulia alichokifanya. Usiishie kwenye "alikuwa mtu mwema". Tafuta tendo moja ulilolishuhudia kwa macho yako, ulitaje lilivyokuwa. "Usiku wa mvua kubwa, aliwabeba watoto wa jirani hadi shuleni, wakalala darasani." "Alikataa kuchukua pesa ya yule mzee kizuizini, akamwambia baba, nenda salama." Tendo moja la kweli humfaa mwanawe kuliko sifa mia. Sifa mtoto atazisahau. Tendo atalibeba, na siku moja atalirudia.

La pili: usimpake rangi. Kazi ya ulinzi ni ngumu, na mtu mwenye nguvu mikononi hujaribiwa kila siku. Kama alikuwa mkali, sema alikuwa mkali. Kama kuna aliyemkosea, usimwambie aliyekosewa kwamba halikutokea. Kumkumbuka marehemu kwa uongo ni kumzika mara ya pili, kwa sababu anayekumbukwa siye yeye tena.

La tatu: angalia alioacha. Warundi tunajua kwamba msiba hauishi siku ya kuzika. Kuna siku za kilio, na kuna kuganduka, siku ya kuvua msiba, watu wanapokutana tena ili mfiwa arudi katika maisha. Wakongomani mna matanga yenu. Watu wa pwani wana arobaini. Kambini, mfiwa akiwa peke yake, desturi hizi zinaweza kupotea kwa sababu hakuna bia ya ndizi, hakuna ng'ombe, hakuna ukoo wa kutosha. Lakini hazikuwahi kuwa za ng'ombe. Ni za watu kukaa pamoja. Chungu cha maharage na watu sita wanaomjua marehemu vinatosha. Kisha, wiki zikishapita, ndiyo saa ya kumsaidia mjane kubeba kuni, na kumwuliza mtoto wake kama amekwenda shule.

La nne: shika zamu yake. Kama alikuwa akipita kila jioni kumjulia hali bibi kipofu wa mwisho wa mtaa, nani anapita sasa? Mlinzi akifa, mahali alipokuwa akisimama panabaki wazi. Anayempenda kweli ndiye anayekwenda kusimama pale.

Mama yangu, wewe unayesema mumeo alikuwa fundi ilhali alikuwa polisi, sasa naomba nizungumze na wewe. Sikwambii utangaze kambini. Wewe ndiwe unayejua usalama wako na wa watoto wako, na uamuzi ni wako. Lakini mtafute mtu mmoja unayemwamini, dada, mchungaji, imamu au mshauri wa kituo, umsimulie mumeo alivyokuwa. Na siku mwanao atakapokua vya kutosha, mwambie baba yake alikuwa nani. Mwambie kwa matendo yake. Usimwachie mtoto shimo mahali pa baba, maana shimo hilo wengine watalijaza kwa maneno yao.

Na wewe ndugu yangu uliyeumizwa na mtu mwenye sare. Hakuna anayekuamuru ulie msibani kwake. Hakuna anayekuomba usahau jina wala sura. Ulilofanyiwa lilikuwa ovu, na haki yako haifutwi na wema wa Kapteni Mbaye wala wa Chitete. Wema wao unaonyesha kinyume chake: kwamba aliyekupiga angeweza kutokupiga. Walikuwapo wenye sare kama yake, kwenye barieri kama ile, katika hofu kama ile, waliochagua jingine. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "sisi askari ndivyo tulivyo" au "vita ni vita", una jibu. Mlinzi mwema ndiye shahidi wako dhidi ya mlinzi mbaya.

Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kumkumbuka, kwa maoni yangu. Tukiwasahau walinzi wema, watoto wetu watakaokuja kuvaa sare watadhani hakuna njia nyingine ya kuivaa. Na watoto hao wapo. Wengine wanakuchezea mpira wa matambara hapo nje ya kibanda sasa hivi. Mmoja wao siku moja atasimama mbele ya barieri, na mama mwenye mtoto mgongoni atakuja mbele yake. Tunachowasimulia leo jioni ndicho atakachokuwa nacho siku hiyo.

Nimemaliza, ndugu zangu. Usiku huu walinzi wa mtaa wenu watapita. Ukiwasikia, wasalimie kwa majina yao wakiwa bado hai.

(Muziki.)

MTANGAZAJI: Tunashukuru sana. Sasa ni zamu yenu, vikundi vya kusikiliza. Kiongozi wa kikundi, usome maswali haya moja moja, na umpe kila mtu nafasi. Asiyetaka kusema asilazimishwe.

Swali la kwanza: Ni mlinzi, askari au polisi gani aliyekutendea wema? Alifanya nini hasa?

Swali la pili: Hapa mtaani kwenu, mtu aliyefiwa na ndugu aliyekuwa katika kazi ya ulinzi anaweza kulisema bila hofu? Kama hawezi, nini kingemsaidia?

Swali la tatu: Kuna mfiwa gani karibu nanyi ambaye siku za kilio zilipita bila watu kukaa naye? Mtamtembelea lini, na mtabeba nini?

Kama mazungumzo haya yamekuamshia uchungu, usikae nao peke yako. Mwendee mshauri katika kituo cha afya au ofisi ya ulinzi wa wakimbizi ya kambi yako, au mtu mzima unayemwamini. Tukutane tena katika kipindi kijacho. Mbaki salama.

(Muziki wa kufungia kipindi.)